Plastiki ya wanga wa muhogo: kazi yote iko kwenye beseni

Plastiki inayooza huanzia kwenye beseni la maji, si kwenye sufuria. Nalisema hili mapema kwa sababu karibu kila anayeniuliza habari za kazi hii huanza na moto: ipikwe kwa muda gani, glisirini itiwe kiasi gani, ikaushwe wapi. Yote hayo yana majibu na nitayatoa. Lakini karatasi ya plastiki inayotoka na chengachenga, matundu na rangi ya matope huwa imeharibika zamani, wakati wanga ulipokuwa ukioshwa.

Ninachokifundisha hapa ni utando mwembamba unaopitisha mwanga na kukunjika bila kuvunjika, uliotengenezwa kwa wanga, maji, glisirini na siki. Usiuchanganye na ile plastiki ya viwandani inayoitwa PLA. Ile huanza na wanga vilevile, lakini wanga huvunjwa kuwa sukari, sukari ikachachushwa kuwa asidi ya laktiki, kisha asidi ikaunganishwa upya kuwa minyororo mirefu. Hiyo ni kazi ya mitambo. Hii yetu wanga unabaki kuwa wanga. Tunachofanya ni kuufungua kwa maji na moto, halafu kuuzuia usijifunge tena na kuwa mgumu.

Mizizi mingi yenye wanga inafaa, ila haifai sawasawa. Mimi huchagua muhogo. Zaidi ya robo ya uzito wa muhogo mbichi huweza kuwa wanga, na wanga wake ni mweupe na hutuama vizuri. Viazi mviringo vina wanga pungufu kuliko muhogo, kati ya asilimia 15 na 20 hivi, lakini utando wake ni imara na unang'aa, kwa hiyo ukikosa muhogo usisite. Viazi vitamu hubadilika rangi upesi vikishakwaruzwa. Viazi vikuu vina utelezi unaouzuia wanga kushuka chini, na mimi siwashauri wanaoanza wavitumie. Si lazima uchukue mzizi mzuri wa kula. Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku 2 au 3, na ile iliyokatika jembe lilipoigonga haifiki hata huko. Hiyo ndiyo ya kazi hii, ilimradi haijaoza.

Kabla hujaushika muhogo, jua kwamba una linamarini. Ukiukwaruza, linamarini hukutana na kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe, na hapo hutoka sianidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kali. Muhogo mchungu unayo nyingi kuliko mtamu. Kwa hiyo kwaruza mahali penye hewa ya kutosha, usionje, na maji ya kwanza ya kuoshea usiwanyweshe mifugo wala usiyamwage kwenye bwawa la samaki. Kuosha na kutuamisha huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo, nayo ni sababu nyingine ya kutolifanyia haraka beseni.

Menya, osha, kisha kwaruza laini kadiri unavyoweza. Wanga umefungiwa ndani ya seli za mzizi, na seli isiyopasuka haitoi kitu. Kikwaruzo chenye meno madogo kinachosha mkono lakini kinalipa. Ukiwa na blenda, tia vipande vidogo na maji ya kutosha, saga mpaka usisikie punje. Mimina kwenye kitambaa safi kilichotandikwa juu ya beseni, kamua kwa nguvu, rudisha machicha kwenye maji mapya, kamua tena. Ukitaka kujua kama bado yana wanga mwingi, chukua kipande kidogo cha machicha na ukidondoshee ayodini ya kupaka vidonda. Wanga ukikutana na ayodini hugeuka buluu iliyoiva karibu na weusi. Machicha hayataacha kabisa kubadilika rangi, lakini doa likififia ujue umeshakamua vya kutosha. Kile kipande cha majaribio kitupe. Machicha mengine yaanike, tutayahitaji.

Sasa acha beseni litulie. Usiliguse, usilihamishe, usilichungulie kwa kulitikisa. Baada ya saa 3 au 4 wanga utakuwa umelala chini na maji ya juu yamebaki na rangi ya njano au kijivu. Yamimine polepole, simamisha mkono mara tu weupe unapoanza kusogea. Juu ya wanga huwa pana tabaka jembamba lenye rangi ya udongo: hizo ni nyuzinyuzi na protini zilizoshuka mwisho. Liondoe kwa mgongo wa kijiko, hata kama utachukua na wanga kidogo. Mimina maji safi, koroga mpaka wanga wote uinuke kutoka chini, acha utuame tena. Rudia mpaka maji ya juu yawe maangavu. Usiuache kwenye maji usiku kucha mahali penye joto, maana utaanza kuchacha na harufu yake haitoki.

Tandaza wanga kwenye kitambaa uanike juani, ukiuvunjavunja mabonge. Wanga safi uliokauka una alama yake: ukiufinya kati ya kidole gumba na cha shahada hulia kasauti kembamba na kukataa kushikana. Kama haulii bado una maji, na vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya.

Kwa utando mmoja ninatumia gramu 10 za wanga mkavu, mililita 100 za maji, gramu 3 za glisirini na mililita 5 za siki nyeupe ya kawaida. Gramu 3 za glisirini ni kama nusu ya kijiko cha chai, na hapa ndipo mtu anapoiamua tabia ya plastiki yake. Minyororo ya wanga hupenda kushikana. Maji yakishatoka hujibana na utando ukakatika ukikunjwa. Molekuli ndogo za glisirini hujipenyeza katikati yake na kuifanya iteleze. Glisirini ikiwa chini ya asilimia 20 ya uzito wa wanga utapata kitu kigumu kinachovunjika. Ikipita asilimia 40 utapata kitu laini kinachonata vidole na kuvuta unyevu wa hewani. Asilimia 30 ndiyo kipimo changu cha kuanzia. Siki nayo ina kazi: wanga una minyororo iliyonyooka, amilosi, na yenye matawi, amilopektini, na hiyo ya matawi ndiyo mingi. Asidi pamoja na moto hukatakata sehemu ya matawi, na uji unakuwa rahisi kutandazika. Usiongeze siki ukidhani unaimarisha. Asidi nyingi hukata hata kile ulichokihitaji.

Changanya vyote vikiwa baridi, kwenye sufuria pana yenye kitako kizito. Koroga mpaka pasiwe na wanga ulioganda chini, ndipo uwashe moto mdogo. Kuanzia hapo mwiko usisimame.

Mwanzoni hutaona lolote. Mchanganyiko ni mweupe na mwepesi, mwiko unapita bila kipingamizi. Joto likikaribia nyuzi 60 za Selsiasi utaanza kuona nyuzi angavu zinazojitokeza kutoka kitakoni kila unapokwangua. Punje za wanga zinakunywa maji na kuvimba. Kati ya nyuzi 60 na 70 mambo hubadilika ghafla: mwiko unakuwa mzito, weupe unamezwa, na sufuria nzima inageuka ute unaopitisha mwanga, mithili ya ute wa yai. Wengi huzima moto hapo, na ndiyo maana utando wao una vidoa vyeupe. Hizo ni punje ambazo hazijafunguka. Endelea kwa dakika 5 hivi, ukikwangua pembeni na kitakoni, bila kuuacha uji utokote kwa fujo, maana kila povu linaloingia ni tundu la baadaye. Ukiinua mwiko na uji ukashuka polepole bila doa jeupe, umeiva. Jihadhari na ngozi yako: uji huu hunata na kuendelea kuunguza pale ulipogusa. Weka maji baridi karibu kabla ya kuanza.

Epua, funika, acha dakika chache mapovu yapande juu. Kisha umimine ungali moto kwenye kioo, trei ya plastiki au ya silikoni iliyolala sawa kabisa. Nimesema sawa kabisa. Weka bilauri ya maji juu ya trei uangalie kama maji yameinama, uchomeke kipande cha karatasi chini ya upande ulioshuka. Kipimo nilichokupa kinatosha trei ya sentimita 30 kwa 30. Uji utakuwa na kina cha karibu milimita 1, na ukikauka utabaki utando wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Mapovu yaliyobaki yatoboe kwa sindano kabla uso haujashika.

Kukausha ni kungoja. Kivulini penye upepo mwepesi huchukua siku 1 hadi 2, au zaidi hewa ikiwa na unyevu. Jua kali huukausha uso kabla ya chini, kingo zikajikunja na utando ukapasuka katikati. Oveni inasaidia ikiwa unaweza kuishusha mpaka nyuzi 50 au 60, na mlango ukaachwa wazi kidogo. Utando uko tayari pembe yake ikiinuka yenyewe unapoipitishia ukucha. Ukiubandua ukavutika, bado, urudishe. Ukikatika kama kioo mara tu umebanduliwa, umekauka kupita kiasi, basi uache hewani saa chache unywe unyevu kidogo kabla hujahukumu kwamba glisirini haikutosha.

Kwa kitu kinene, mathalani kikopo cha miche, uji wa peke yake haufai. Husinyaa na kupasuka. Hapa ndipo machicha yaliyoanikwa yanapoingia. Yasage, yachekeche, uchanganye vijiko viwili vya mezani kwenye uji ulioiva wa gramu 20 za wanga na glisirini gramu 6, ukandike ndani ya umbo lililopakwa mafuta. Nyuzinyuzi za machicha hushikilia umbo wakati maji yanatoka.

Nakuomba usiipe plastiki hii kazi isiyoiweza. Maji ni adui yake: utando ukilowa hulainika na kuchanika, kwa hiyo si wa kubebea nyama mbichi wala kuhifadhi vinywaji. Lakini mafuta hayaupenyi kwa urahisi, na ukiwa mkavu huzuia hewa vizuri. Mimi nauthamini zaidi kwa vifuko vya mbegu, vile unavyofukia pamoja na mbegu zake. Funga mbegu siku za kupanda, usizihifadhi humo msimu mzima, maana utando huvuta unyevu. Unafaa pia kuzungushia sabuni kavu, au vyuma vidogo vilivyopakwa mafuta. Ukitaka ustahimili matone ya maji, paka nta ya nyuki nyembamba pande zote mbili. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe.

Hifadhi karatasi zako bapa, zimetenganishwa kwa karatasi za kawaida, mahali pakavu. Zitumie mapema. Kadiri zinavyokaa, minyororo ya wanga hujipanga upya na utando huwa mgumu, hata glisirini ikiwa sawa.

Zikishamaliza kazi, zikatekate, zilowanishe, uzifukie ndani ya rundo la mboji lenye unyevu na joto. Kuvu na bakteria wana vimeng'enya vya kuumega wanga, na utando mwembamba humalizika kwa wiki chache. Wenye nta huchelewa. Zikibaki kabatini pakavu haziozi. Usizitie kwenye pipa la chupa za plastiki zinazokwenda kurejelewa, kwa sababu wanga huharibu plastiki inayoyeyushwa huko.