Jinsi ya kuandaa mtihani wa madaktari wanaosoma mamogramu (picha za eksirei za matiti)

1. Kusanya visa 60. Ishirini viwe vya saratani, arobaini vya wanawake wazima, yaani wasio na saratani. PERFORMS, mtihani wa aina hii wa Uingereza, nayo hutumia seti za visa 60. Kila kisa kiwe na picha nne: kila titi kutoka juu na kwa mshazari. Acha uvimbe mkubwa wenye miiba, maana kila mtu anauona. Tafuta vikundi vya chembe za kalsiamu, tishu zilizovutika bila uvimbe, na vivimbe chini ya sentimita moja.

2. Thibitisha majibu. Kwa saratani, ripoti ya patholojia (uchunguzi wa tishu maabara) inamaliza kazi. Kisha madaktari wawili wachore mipaka ya uvimbe, kila mmoja peke yake.

Kwa wazima, ripoti ya zamani inayosema "hakuna tatizo" haitoshi kabisa. Huenda aliyeisoma alipitwa na saratani, na leo utamkata alama daktari aliyeiona. Chukua tu mwanamke aliyerudi kupigwa picha baada ya miaka miwili au zaidi, akakutwa bado mzima. Hospitali ambayo wagonjwa huja mara moja tu, tena wakiwa na dalili, itapata wachache. Usijazie pengo kwa picha rahisi! Weka matiti yenye tishu nzito, sisti (vifuko vya maji), mishipa yenye kalsiamu. Tena wazima na wagonjwa watoke kwenye mashine zilezile, na picha za saratani ziwe za kabla ya bayopsi (kutoa kipande cha tishu kwa sindano). La sivyo msomaji atafuata alama ya klipu, kichuma kinachoachwa ndani wakati wa bayopsi, au sura ya mashine badala ya ugonjwa.

3. Wape picha wazisome. Skrini ya megapikseli 5, chumba chenye mwanga hafifu, na wasiambiwe idadi ya saratani. Kila anachotilia shaka akitie nukta, na kila kisa akipe alama 1 hadi 5 kadiri anavyoshuku saratani.

4. Sahihisha. Alama 3 na kuendelea ni kumwita mwanamke arudi. Saratani 16 zilizogunduliwa kati ya 20 ni asilimia 80. Wazima 34 walioachwa bila kuitwa kati ya 40 ni asilimia 85. Toa namba hizo mbili kando kando. Ukizichanganya, asiyemwita mtu yeyote atapata 40 kati ya 60, asilimia 67, bila kugundua saratani hata moja. Nukta iliyo nje ya mpaka haihesabiki hata kama titi ni lenyewe, kwa sababu sindano ingechomwa pasipo na ugonjwa.

Kisa kimoja cha saratani ni asilimia 5 nzima, kwa hiyo usimwone wa 85 kuwa bora kuliko wa 80. Kaeni siku hiyohiyo, mfungue kila picha aliyoikosa.