Jinsi ya kutumia protini za mkojo kujua nyati maji ameingia joto (kazi kubwa iko kwenye kuukinga mkojo)

Ukifuga nyati maji hii unaijua, jike anaingia joto (yuko tayari kupandwa) na wewe huoni kitu. Kupandana na wenzake siyo sana kama ng'ombe, ute hauning'inii, mara nyingi unabaki ndani mpaka alale ndo unaukuta umemwagika pale alipolalia, halafu dalili nyingi anazitoa usiku au alfajiri wewe uko kitandani. Joto lenyewe kwa kawaida ni masaa 12 hadi 24, likikupita unangoja kama siku 21 tena. Ndo maana watu wa maabara wakaugeukia mkojo: homoni zikibadilika, protini zinazotoka na mkojo nazo zinabadilika, na kuupata hakuhitaji sindano.

Kabla hujanunua chochote, zile stripu za mkojo zenye kiboksi cha protini achana nazo, zinasoma zaidi albumini (protini ya kawaida ya damu), ni za kuangalia figo. Na za wanawake za kupima ovulesheni zimetengenezwa kwa LH (homoni inayochochea yai litoke) ya binadamu, usizitegemee kwa nyati. Sisi tunatafuta protini fulani zinazotokea au kupanda siku ya joto, siyo wingi wa protini zote.

Haya, kukinga. Mzoeshe kwanza. Simama ubavuni karibu na mguu wa nyuma, osha uke kwa maji safi, kausha, halafu sugua taratibu kwa kiganja pale chini ya uke, juu chini juu chini, wengi wanakojoa baada ya muda mfupi. Mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati kwenye kikopo safi. Wa sakafuni usichote hata kama umechoka vipi, mimi nilishawahi kufanya huo uvivu, jeli (ile ya maabara inayotenganisha protini kwa ukubwa, kila moja ikaacha mstari wake) ikatoka michirizi mitupu toka juu mpaka chini, kinyesi na bakteria walishakula kila kitu. Pia angalia kikopo kwenye mwanga: ukiona nyuzi nyuzi za ute, mwaga usubiri mwingine, maana protini za ute zitakudanganya na jike wa joto ndo mwenye ute.

Andika jina la mnyama, tarehe na saa hapo hapo. Weka kwenye barafu, zungusha mapema kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili mashapo yashuke chini), chukua maji ya juu uache mashapo, gawa kwenye vichupa vidogo ugandishe, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda mfupi au 80 chini ya sifuri kama utakaa nayo. Vidogo kwa sababu kuyeyusha na kugandisha tena tena kunaharibu protini.

Kingine watu wanaruka: kriatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo kwa kiasi kisichobadilika sana. Nyati aliyekunywa maji mengi mkojo wake ni mwepesi, protini ile ile itaonekana imeshuka kumbe ni maji tu. Pima kriatinini, gawanya kwayo. Kwenye jeli nako, mkojo una protini kidogo so uikolezee kwanza (asetoni ya baridi inatosha), pima kiasi, kila njia ya jeli (safu ya sampuli moja) iingie kiasi sawa.

Sampuli moja haikwambii kitu, unamlinganisha mnyama na yeye mwenyewe. Kinga kila baada ya siku mbili mzunguko mzima, kuanzia siku ya 18 toka joto lililopita kinga kila siku. Na lazima uwe na ushahidi wa pembeni kwamba joto lilikuwa siku ile: projesteroni (homoni inayoshuka wakati wa joto) ya damu au maziwa iko chini, ultrasaundi inaonyesha folikoli (kifuko cha yai) kubwa, au dume lililofungwa mirija ya mbegu linamng'ang'ania. Bila hivyo mstari mpya kwenye jeli ni mstari tu. Ukijirudia kwa majike kadhaa siku ya joto na siku zingine haupo, hapo ukate huo mstari upeleke kwenye masi spektrometa (mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake) wakutajie ni protini gani.

Ila usimwite mtu wa uhimilishaji kwa sababu ya jeli. Jeli inakula siku nzima, na yai linatoka kama nusu siku baada ya joto kuisha, majibu yatafika limeshapita. Kilichobaki ni kuitia tarehe ya joto kwenye kalenda, kuhesabu 21, na kuanzia siku ya 18 kuamka alfajiri na tochi kuangalia alipolalia.