Kulala Hoteli za Bei Nafuu Ughaibuni: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Wengi wetu tunaoishi Ulaya na Marekani hatulali hotelini kwa ajili ya utalii. Tunalala kwa sababu kuna harusi ya binamu Birmingham, msiba Minneapolis, au miadi ya pasipoti ubalozini Berlin asubuhi na mapema, saa ambayo treni ya kwanza kutoka mji tunaoishi bado iko njiani. Zamani tungempigia simu ndugu aliye karibu, lakini siku hizi ndugu mwenyewe amepanga chumba kimoja na ana zamu ya usiku. Ndiyo maana Premier Inn na Travelodge za Uingereza, ibis budget za Ulaya na Motel 6 za Marekani zimekuwa majina ya kawaida katika mazungumzo yetu. Katika kuzichagua nina kigezo kimoja: sihesabu bei ya chumba peke yake, bali gharama yote mpaka nifike kwenye shughuli iliyonitoa nyumbani.

Nauli ndiyo inayoharibu hesabu mara nyingi. Hoteli nyingi za aina hii hujengwa kandokando ya barabara kuu na karibu na viwanja vya ndege, na jina la uwanja linaweza kukupoteza, kwani Frankfurt-Hahn uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt kwenyewe. Marekani hali ni ngumu zaidi kwa asiye na gari, maana moteli nyingi za barabarani hazina basi linalopita karibu, na teksi mbili zinatosha kumaliza akiba yote uliyodhani umeipata.

Kodi nazo hutofautiana mji kwa mji. Amsterdam hutoza asilimia 12.5 ya bei ya malazi tangu 2024, Berlin asilimia 7.5 tangu 2025, na Roma hutoza kila mtu kwa kila usiku kulingana na daraja la hoteli, kwa hiyo familia huihisi kuliko msafiri mmoja. Nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025 inazitaka hoteli zijumuishe ada zote za lazima katika bei zinayoitangaza, lakini kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa mwishoni. Soma ukurasa wa malipo mpaka chini.

Jambo linalowasumbua zaidi wageni wapya ni amana. Hoteli nyingi, hasa za Marekani, huzuia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi yako unapofika, hata kama chumba umekwisha kukilipia. Ukitumia kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, fedha hizo hazitumiki mpaka benki izifungue, na hilo linaweza kuchukua siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Kama ni mwisho wa mwezi na unasubiri kutuma fedha nyumbani, utabanwa. Piga simu uulize ni kiasi gani kitakachozuiliwa, na kama wanakubali kadi yenye jina la mtu mwingine, kwa kuwa mara nyingi kaka au shemeji ndiye aliyekulipia.

Upande wa vitambulisho, usishangae ukiulizwa maswali ambayo jirani yako mwenyeji haulizwi. Uingereza, agizo la mwaka 1972 linamtaka kila mgeni wa hotelini mwenye umri wa miaka 16 na zaidi atoe jina na uraia wake, na asiye raia wa Uingereza, Ireland au nchi ya Jumuiya ya Madola hutoa pia namba ya pasipoti na anwani ya anakoelekea. Ujerumani iliwaondolea raia wake fomu ya usajili tangu Januari 2025, ila raia wa kigeni bado wanaijaza na kuisaini. Ugumu hutokea pale pasipoti yenyewe inapobaki ubalozini kwa ajili ya kubadilishwa. Ukijua hivyo, beba nakala yake, stakabadhi ya ubalozi na kitambulisho kingine chenye picha, kisha uulize hotelini kabla ya kulipa kama watavikubali. Kadi za ukaazi za Uingereza zimekwisha muda na nafasi yake imechukuliwa na hati ya kidijitali, kwa hiyo usizitegemee.

Chumbani usitarajie makuu. Birika la umeme ni la kawaida Uingereza, lakini katika hoteli nyingi za bei hiyo Ujerumani na Ufaransa hulikuti. Anayetumia maji chooni abebe chupa yake, na kandambili zina kazi hasa bafu likiwa la kuchangia.

Kabla ya kufungua begi, liweke bafuni, kisha funua shuka na umulike mishono ya godoro kwa tochi ya simu. Kunguni hawaangalii nyota za hoteli, na Paris ilitikisika kwa ajili yao mwaka 2023. Ukiona madoa madogo meusi au maganda, piga picha na uombe chumba kingine kisichopakana na hicho. Hata ukiwa huna uhakika, nguo zote zifuliwe kwa nyuzi joto 60 au zizungushwe kwenye mashine ya kukaushia yenye joto kali kabla hazijaingia kabatini.