Kabla hujaingia porini wikiendi: maandalizi ya mbio, baiskeli na kutazama wanyama Dodoma baada ya mvua

Wageni wengi wanaijua Dodoma ya vumbi na upepo. Waje mwezi wa tano, siku chache baada ya mvua kukata, wapande kilima cha Imagi alfajiri, wataona mji mwingine kabisa. Mbuyu bado una majani, migunga ni kijani, hewa imepoa, na kila kidimbwi kina ndege wake. Wenzetu wa nchi za baridi wana majira yao ya kuchipua. Sisi wa kanda ya kati tuna hii miezi miwili na ushee, kwa sababu mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, nayo ikikata imekata hadi mwisho wa mwaka.

Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kufunga kamba za viatu ni hili: mvua imeacha nini kule ninakokwenda? Njia uliyoipita Machi siyo utakayoikuta Mei. Machi korongo lina maji, na udongo mweusi wa mbugani unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mei maji yamekauka lakini nyasi zimefika kiunoni, huoni unapokanyaga. Juni nyasi zimelala, miiba imekomaa na vumbi limeanza. Raba, tairi, soksi na hata saa ya kuondoka vinategemea jibu la swali hilo. Anayelijua jibu vizuri ni mtu anayepita pale kila siku: kijana wa bodaboda, mama anayeleta kuni mjini, mchungaji. Mpigie mmoja Ijumaa jioni, au pita kijiweni umuulize.

Makorongo yanastahili heshima ya pekee. Simulizi za Wagogo zinasema jina la mji huu limetokana na neno *idodomya*, yaani amezama, baada ya tembo kudidimia kwenye tope alipokwenda kunywa maji kijitoni. Anayeliona korongo letu likiwa kavu, mchanga mweupe mtupu na nyayo za mbuzi, hawezi kuiamini simulizi hiyo. Lakini mvua ikinyesha vilimani mchana, maji yanaweza kufika bondeni wakati juu yako anga ni safi. Kama bado ni msimu wa mvua na kuna wingu zito upande wa milima, usipumzikie ndani ya korongo wala usipitishe baiskeli kwenye maji yanayokwenda kasi, hata kama yanaishia magotini. Subiri. Maji ya korongo huja haraka na huondoka haraka.

Baiskeli na mbigili

Kwa waendesha baiskeli, adui mkuu wa kanda hii ni mbigili. Mmea wenyewe unatambaa chini, una vijani vidogo na ua dogo la njano linalopendeza, na mwezi wa nne hakuna anayeuogopa. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano, kila kipande na miiba miwili mikubwa iliyokaa kama pembe. Kikianguka namna yoyote, mwiba mmoja huelekea juu. Jumamosi moja mwishoni mwa Mei nilikuwa naendesha upande wa Mkonze, nikaacha njia kuu kupisha kundi la ng'ombe, nikapita kwenye nyasi fupi hatua kama ishirini tu. Niliposhuka kutazama nilikuta vipande saba kwenye tairi la mbele na vinne nyuma. Nilikuwa na kiraka kimoja. Nilisukuma baiskeli hadi barabarani jua likiwa utosini, na chupa ilikuwa imeisha.

Tangu siku hiyo Ijumaa jioni nina kazi moja ambayo siiruki. Nalitoa tairi kwenye rimu, nafunga kidole kwa kitambaa na kukipitisha taratibu ndani ya tairi lote, mzunguko mzima, kutafuta ncha zilizobaki. Mwiba uliokatika ndani hauonekani kwa nje, ila ndio utakaotoboa tyubu mpya kesho asubuhi. Kisha najaza upepo na kuiacha baiskeli ilale. Ikiamka imelegea, najua kuna pancha ya taratibu, na ninaiziba nyumbani kwenye beseni la maji badala ya kuhangaika nayo porini.

Begani au kwenye fremu weka tyubu mbili za akiba, viraka visivyopungua sita, solusheni ambayo haijakauka (ifungue uinuse, tyubu ya solusheni iliyowahi kufunguliwa hukauka kimya kimya), msasa, vijiko vya kutolea tairi na pampu uliyoijaribu. Breki na cheni vikaguliwe na fundi unayemwamini, maana kuteremka kutoka vilimani kwenye changarawe si mahali pa kugundua kwamba waya wa breki umebakiza nyuzi mbili. Vaa kofia ngumu. Na ukilazimika kupisha mifugo, simama njiani kando kabisa, usiingie kwenye nyasi. Ng'ombe watakupita.

Saa, jua na maji

Mwezi Mei jua letu linachomoza saa 12:40 asubuhi hivi, na mwanga wa kutosha kuona njia hupatikana kama dakika ishirini kabla. Ondoka wakati huo. Kufikia saa nne jua limeshakuwa kali hata kama upepo unakudanganya kwamba kuna baridi. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, mtu anadhani hajapoteza maji. Ukipanda vilimani hesabu angalau nusu lita ya maji kwa kila saa, na zaidi kama unakwenda kasi. Usitegemee kuyapata njiani.

Kwa safari inayozidi saa mbili, tengeneza kinywaji chako: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa, bila kurundika. Chakula kiwe chepesi, karanga, ndizi au kipande cha kiazi kitamu, na ubuyu kidogo wa kumung'unya. Juni na Julai beba koti jepesi pia, baridi ya asubuhi na ule upepo wa vilimani vinaweza kumkamata mtu aliyelowa jasho.

Bwawa la Hombolo, kama kilomita 40 kaskazini mashariki ya mji, linavutia sana kwa ndege wa majini. Furahia ukiwa ukingoni. Maji yaliyotuama ya ukanda huu yanaweza kuwa na konokono wanaobeba kichocho, na dakika chache za kuogelea au kuosha miguu zinatosha kuambukizwa.

Kuona wanyama

Hapa nitasema wazi: anayekimbia kwa kutafuta muda mzuri haoni mnyama. Kama unataka vyote viwili, gawa asubuhi yako. Kimbia au endesha hadi mahali ulipopachagua, kisha kaa kimya nusu saa nzima. Kwenye miamba mikubwa ya mawe ambayo mji huu umezungukwa nayo, pimbi hutoka kuota jua asubuhi kwa sababu mwili wake hauwezi kujipasha joto vizuri wenyewe. Utamwona mmoja amekaa juu kuliko wengine. Huyo ni mlinzi, na akipiga ule mlio wake mkali, wote watatumbukia nyufani mara moja. Tulia, watarudi. Digidigi huonekana wawili wawili pembeni mwa vichaka, kanga hukimbia mstari mmoja kama watoto wa shule, na nguchiro huvuka njia bila kukutazama.

Kwa ndege kanda ya kati ina utajiri ambao hata wenyeji hatuujui. Kwezi wa kijivu na hondohondo wa kwetu mwenye mdomo mwekundu ni ndege ambao watu husafiri kutoka mabara mengine kuja kuwaona Tanzania. Wale kasuku wadogo wa kijani wenye kola ya njano, wanaoingia na kutoka kwenye matundu ya mibuyu wakipiga kelele, asili yao ni nchi hii. Darubini ndogo inatosha. Kama huna, simama chini ya mbuyu uliotoboka, utawaona kwa macho.

Yupo mmoja ninayemwombea heshima kuliko wote, naye ni kobe bapa. Gamba lake ni laini na limekaa kama chapati, na akishtuka hakunji mwili, anakimbilia kwenye ufa wa mwamba na kujikaza humo. Wengi wa kobe hawa waliobaki duniani wako Tanzania na Kenya, na wameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Usibandue mawe kumtafuta, usimchokoe kwa kijiti, na picha yake usiandike ulipoipiga, kwa sababu wapo wanaowakamata kuwauza. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata mfupa, pembe, manyoya au mwiba wa nungunungu ulioukuta njiani unaweza kuhesabiwa kuwa nyara ya serikali. Viache pale.

Mapori yenyewe ya akiba, kama Swagaswaga upande wa Kondoa na Chemba, hayaingiwi kwa baiskeli ya Jumamosi. Yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na yana utaratibu wa vibali. Huko pia kuna tembo na mbung'o. Ukipata kibali, acha nguo za bluu na nyeusi nyumbani, rangi hizo humvuta mbung'o.

Vinavyouma

Nyasi zikiwa ndefu, nyoka ni jambo la kujiandaa nalo bila woga. Kifutu hakimbii anaposikia hatua, hulala tu, ndiyo maana hukanyagwa. Vaa viatu vilivyofunika mguu, tazama unapoweka mkono ukipanda mawe, na usikae kwenye gogo kabla hujalizunguka. Mtu akiumwa, mlaze atulie, vua pete, saa na viatu vya kubana, kaza kiungo kisitikisike kwa ubao au kijiti na bendeji, kisha hospitali haraka. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kuzuia damu. Swila akitema machoni, osha macho kwa maji mengi safi hapo hapo, na chupa ya kunywa itumike yote ikibidi.

Mibuyu mingi ina mizinga ya magogo. Ukisikia mvumo, geuka taratibu. Nyuki wakikuvamia, funika uso ukimbie moja kwa moja bila kusimama kupigapiga mikono, hadi ndani ya nyumba au gari.

Mbwa wa wachungaji ndio utakaokutana nao mara nyingi zaidi. Anamkimbiza anayekimbia. Simama, shuka, weka baiskeli kati yako naye, mwite mwenye mbwa. Ukiumwa hata mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Watu wa njia

Njia hizi si za kwetu wa mjini. Ni za watu wanaokwenda shamba, kisimani na shuleni. Ukimkuta mzee, punguza mwendo umsalimie: *Mbukwa!* Neno hilo moja la Kigogo hufungua mlango kuliko ramani ya simu. Uwele na mtama vinapokomaa, vijana huamia ndege mashambani kwa kombeo, na jiwe la kombeo halichagui kwelea kwelea wala mwendesha baiskeli. Ukisikia mlio wa kombeo, piga kelele za hodi kabla hujakaribia. Ukiona bango la kambi ya jeshi au makazi ya serikali, simu ikae mfukoni na uzunguke mbali.

Nendeni wawili au watatu, hasa kina dada na wanaoanza. Barabarani mkimbiaji akae kulia ili ayaone magari yanayomjia, mwenye baiskeli akae kushoto, wote wakiwa na riflekta. Mtandao hukatika nyuma ya vilima, kwa hiyo pakua ramani kabla, na namba ya dharura ya polisi, 112, kila mmoja aikariri.

Halafu kuna karatasi. Andika njia utakayopita, nani mko naye na saa ya kurudi, umwachie mtu wa nyumbani, na mkubaliane saa ambayo asipokusikia ataanza kutafuta. Kwetu ni saa sita mchana. Mama yangu huibandika karatasi hiyo jikoni juu ya ndoo ya maji, na haitoi mpaka asikie baiskeli ikiegeshwa ukutani.