Darasa likihamishiwa orofa ya nne, gongesha muhuri

Natembea kwa magongo. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, hapa Nairobi, somo la Jumanne lilihamishiwa orofa ya nne, na lifti ilikuwa imekufa tangu muhula uliotangulia. Vidato 72, nilivihesabu. Vijana wawili wa darasa letu walijitolea kunibeba mgongoni. Wema wao sijausahau, ila karo nilikuwa nimelipa sawa na wao.

Nililalamika kwa mdomo mara nne. Bure.

Kama yamekukuta, anza na daftari. Siku ileile andika tarehe, saa, chumba, nani alikuwepo, na maneno yenyewe yaliyotamkwa. Mimi niliandika: "Jumanne, saa mbili na kumi, mhadhiri: kwani hukujua kozi ina ngazi?" Sentensi hiyo ilinifaa kuliko machozi yangu yote.

Kisha barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa idara. Usitukane, wala usisimulie maisha yako tangu shule ya msingi. Eleza kilichotokea, halafu sema unachotaka na kufikia lini: somo lirudi chini kabla ya Jumanne fulani. Taja Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010. Kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, jinsia, ujauzito, dini, asili ya kikabila, hata mavazi na lugha, kwa hiyo dada aliyezuiwa kufanya mtihani kwa ajili ya mimba naye kinamhusu. Ongeza Kifungu cha 47 ukidai sababu kwa maandishi wakikukatalia.

Sasa muhuri. Chapisha nakala mbili pale saiba. Karani atakwambia, "Wacha tu hapo, nitampatia." Usiache! Simama hapo mezani mpaka nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe; huo ndio ushahidi kwamba barua waliipokea. Wangu ulitoka umefifia, tarehe haisomeki. Nilirudi kesho yake ukagongwa upya, karani akininunia.

Wiki mbili zikipita kimya, peleka nakala hiyo kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Ubaguzi ukiwa wa kabila, nenda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Huhitaji wakili.

Mimi sikufika huko. Siku ya kumi na moja tulihamishiwa chumba cha chini kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Lifti niliiacha imekufa nilipohitimu.