Somo: Ukurasa unaomjibu mtumiaji (JavaScript kwa wanaoanza)

Tutengeneze kikokotoo cha mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, anayeleta kreti mbili soko la Majengo: anaandika uzito wa kila kreti, anabonyeza, anaona jumla. Intaneti haihitajiki. Notepad na kivinjari vinatosha, ila wakati wa kuhifadhi chagua "All Files", la sivyo utapata zabibu.html.txt.

Hatua ya 1. Faili la zabibu.html:

```
<form id="fomu">
  <input id="kreti1" type="number" step="0.1">
  <input id="kreti2" type="number" step="0.1">
  <button>Jumlisha</button>
</form>
<p id="jibu"></p>
<script src="hesabu.js" defer></script>
```

Usiidharau `step="0.1"`. Bila hiyo kivinjari kinataka namba nzima tu. Mtu akiandika 18.5 fomu inagoma, nawe utahangaika kutafuta kosa kwenye JavaScript ambako halipo.

Hatua ya 2. Kwenye folda hiyohiyo, hesabu.js:

```
const fomu = document.getElementById("fomu");
const chukua = id => Number(document.getElementById(id).value);

function hesabu(tukio) {
  tukio.preventDefault();
  const jumla = chukua("kreti1") + chukua("kreti2");
  document.getElementById("jibu").textContent =
    "Jumla: kilo " + jumla.toFixed(1);
}
fomu.addEventListener("submit", hesabu);
```

Hatua ya 3. Fungua zabibu.html, jaza 18.5 na 20, bonyeza. Jibu ni 38.5.

Mstari wa mwisho wa hesabu.js ndio roho ya somo: unakiagiza kivinjari kwamba fomu ikitumwa, kiiite `hesabu`. Angalia, hakuna mabano baada ya jina. Ukiandika `hesabu()` unaiita papo hapo ukurasa unapofunguka, kabla mtu hajagusa chochote.

Wengi hunaswa na `Number`. Kilichoandikwa kwenye kisanduku, hata kama ni tarakimu, JavaScript hukipokea kama maandishi, na maandishi hayajumlishwi, huunganishwa. Bila `Number`, 18.5 na 20 vinazaa 18.520, halafu `toFixed` (inayopanga idadi ya desimali) nayo inagoma kwa sababu haifanyi kazi kwenye maandishi. Ukiiondoa hiyo ili kosa lipotee, mkulima anasoma kilo 18 na ushee badala ya 38. Dalali atakushukuru sana.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikibonyeza jibu linatokea kufumba na kufumbua, kisha visanduku vinabaki vitupu.*
Umesahau `preventDefault()`. Kawaida ya fomu ikitumwa ni kupakia ukurasa upya.

*Konsoli (sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa) inaniambia "Cannot read properties of null".*
Kitu unachokitafuta hakijapatikana. Ama `id` hazifanani (`Fomu` na `fomu` ni vitu viwili), ama msimbo umetangulia HTML. `defer` inasaidia, maana huambia msimbo usubiri HTML isomwe yote, lakini kwa faili lililoitwa kwa `src` tu. Msimbo ulioandikwa ndani ya ukurasa wenyewe uweke chini kabisa.

*Akiacha kisanduku kimoja wazi?*
`Number("")` ni 0, kwa hiyo atapata jumla ya kreti moja bila onyo. Ongeza `required` kwenye kila `input`.

*Naweza kufanya jumla ibadilike anapoandika, bila kitufe?*
Ndiyo. Ongeza `fomu.addEventListener("input", hesabu);`. Tukio la kisanduku hupanda hadi kwenye fomu, hivyo msikilizaji mmoja (`addEventListener` moja) anatosha visanduku vyote. Usitumie `change` hapa, maana hiyo husubiri mtu atoke kwenye kisanduku.