Kabla hujashangilia programu ya "bure na wazi"

Mimi ni fundi simu, mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mteja akileta simu huleta na habari: kampuni hii imegawa programu yake bure, ile inaficha jambo kubwa. Nikitaka kujua ukweli wake nafanya hivi.

Naanza na hela: inaingilia wapi? Google inakula kwenye matangazo. Watu wengi wakishika simu zenye intaneti, inauza zaidi. Ndiyo maana ilipoitangaza Android, mfumo wa kuendeshea simu, mwaka 2007 iliweza kuiachia kila mtu. Lakini namna inavyopanga matokeo ya utafutaji, hiyo hadi leo haijaianika yote, maana hela yake iko hapo.

Pili, tenga kilicho wazi na kilichofungwa. Mei 2019 Marekani iliiwekea Huawei vikwazo. Android ya chanzo huria, yaani ile ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuitumia, Huawei waliendelea kuipata, ila simu yao ya Mate 30 ikatoka Septemba bila Play Store, duka la programu la Google. Simu kali, kamera safi, halafu mwenyewe anakuja: "Fundi, mbona programu zangu zinagoma?" Zinagoma kwa sababu zinategemea Huduma za Google Play, na hizo hazimo kwenye ile Android ya wazi. Ingia kwenye mipangilio ya simu yako, upande wa programu, uzitafute. Simu ikikuruhusu uzizime kwa muda, utaona mwenyewe ni mangapi yanasimama (usisahau kuziwasha).

Tatu, siri. Uliza anafichwa nani, na mpaka lini. Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati ule, aliionyesha iPhone tarehe 9 Januari 2007, ikaingia madukani 29 Juni. Kampuni yenye usiri kama Apple, kwa nini iwahi hivyo? Alieleza mwenyewe jukwaani: simu lazima ipate kibali cha FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, na aliona bora aitangaze yeye kuliko kutangaziwa nao. Kwa hiyo nikisikia tetesi za simu mpya, naziacha, natafuta karatasi za vibali. Na siri ile ilikuwa na mwisho: ilipofika dukani, fundi yeyote aliweza kuifungua.

Theranos, kampuni ya Marekani ya vipimo vya damu, ilikuwa kinyume. Ilipima damu za watu huku wanasayansi wa nje hawapewi mashine waikague. Januari 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Siri ya tarehe naivumilia. Siri ya ushahidi, hapana.

Halafu soma leseni. Meta, wenye Facebook, ilipotoa Llama 2, programu yake ya akili bandia, mwaka 2023 iliiita ya chanzo huria, lakini leseni inasema mwenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi aombe ruhusa kwanza. Wewe na mimi hatuguswi. Wanaoguswa ni washindani wakubwa. Leseni nyingi ni ndefu, tena za Kiingereza kigumu. Tafuta penye tarakimu na penye makatazo, uanzie hapo.